Namna ya kuchagua glavu za bei nafuu za kupigia picha kwenye baridi ya mlimani

MPIGA picha anayejiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro kwa kawaida hutumia muda mwingi kufikiria kamera, lenzi na betri. Mikono itakayoishika kamera hiyo hukumbukwa mwishoni, pengine akiwa tayari amefika mjini Moshi, ambako joto la mchana humfanya aone kuwa glavu ni mzigo usio na sababu.

Fikra hiyo ina hatari yake. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi sita za Sentigredi kwa kila mita 1,000 ambazo mtu anapanda. Kutoka Moshi, mji ulio chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hadi kilele cha Uhuru chenye mita 5,895, tofauti hiyo hufikia takriban nyuzi 30.

Wapandaji wengi huondoka katika kambi za mwisho, kama vile Barafu na Kibo, usiku wa manane ili wafike juu jua linapochomoza. Saa hiyo ya mapambazuko, ambayo mwanga wake hutafutwa na kila mpiga picha, huwa pia miongoni mwa saa zenye baridi kali kuliko zote. Si jambo la ajabu kipimajoto kuonyesha nyuzi 10 chini ya sifuri, au hata pungufu ya hapo.

Upepo huzidisha tatizo. Kwa mujibu wa kanuni iliyoanza kutumiwa na Kanada na Marekani mwaka 2001, hewa yenye nyuzi 10 chini ya sifuri ikisukumwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba baridi ni ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Kwa nini vidole huumia kwanza

Mwili unapopata baridi hulinda kwanza moyo, ubongo na viungo vingine vya ndani. Mishipa ya damu ya mikononi na miguuni husinyaa, na damu yenye joto hubaki kiwiliwilini. Kileleni hali huwa ngumu zaidi, kwa kuwa kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani na mwili hupata oksijeni kidogo.

Mpiga picha naye huongeza matatizo yake mwenyewe. Husimama akisubiri mwanga huku wenzake wakitembea, hushika vyuma ambavyo hunyonya joto la mkono haraka, na huvua glavu kila anapotaka kubadilisha kadi au kubonyeza kitufe kidogo.

Tabaka badala ya glavu moja nene

Kosa la kawaida ni kutafuta glavu moja itakayofanya kila kazi. Glavu nene huhifadhi joto lakini huzuia kidole kuhisi kitufe. Nyembamba huruhusu kazi lakini haizuii baridi. Njia iliyo nafuu zaidi ni kuvaa glavu mbili au tatu kwa mpangilio.

Tabaka la kwanza ni glavu nyembamba ya kubana kiasi, ya sufu laini au poliesta. Hii haivuliwi wakati wa kupiga picha. Anayetumia simu au kamera yenye kioo cha mguso achague ile iliyofumwa nyuzi zinazopitisha umeme katika ncha za vidole, kwa kuwa kioo cha aina hiyo hakitambui kidole kilichofunikwa na kitambaa cha kawaida.

Tabaka la pili ni lile la kuhifadhi joto. Linalofaa sana kwa wapiga picha ni glavu ambayo vidole vyake vimekatwa nusu na kuwekewa kifuniko cha kukunjua. Kifuniko kikiwa kimefungwa vidole vinne hukaa pamoja na kupashana joto. Kikifunguliwa, kazi hufanyika kwa sekunde chache, kisha hurudishwa.

Tabaka la tatu ni mfuko wa mkono usiopitisha maji wala upepo, wenye sehemu ya gumba tu. Huu hauhitaji kuwa mnene, kwani kazi yake ni kuzuia upepo na theluji. Uwe mrefu kiasi cha kufunika kifundo cha mkono, mahali ambapo mishipa ya damu iko karibu na ngozi.

Mambo ya kukagua kabla ya kununua

La kwanza ni kitambaa. Glavu za pamba ziepukwe hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu pamba hunyonya jasho, huchelewa kukauka na ikilowa hupoteza uwezo wa kuhifadhi joto. Sufu huendelea kutunza joto kwa kiasi hata ikiwa na unyevu, na poliesta hukauka haraka.

La pili ni ukubwa. Glavu inayobana hupunguza mzunguko wa damu, na pia huondoa hewa iliyotulia ndani yake, ambayo ndiyo hasa inayozuia baridi. Mnunuzi avae tabaka zote kwa pamoja, akunje ngumi, kisha ajaribu kufyatua kamera. Kama anahisi mvutano kwenye viungo vya vidole, achukue saizi kubwa zaidi.

La tatu ni kiganja. Kitambaa kinachoteleza kinaweza kuiangusha kamera yenye thamani mara nyingi zaidi ya glavu. Vipande vya ngozi au vidoto vya mpira kiganjani ni bora kuliko mapambo ya juu. La nne ni mishono: glavu ivutwe taratibu kati ya vidole na kuangaliwa dhidi ya mwanga.

Mahali penye nafuu

Asiyetaka kununua vipya anaweza kukodi mjini Moshi au Arusha, ambako yapo maduka yanayokodisha vifaa vya mlimani. Masoko ya mitumba, likiwamo la Memorial mjini Moshi, huweza pia kuwa na glavu za kuchezea kwenye theluji zilizotoka nchi za baridi. Hizi hufaa kwa tabaka la nje, ila zikaguliwe bitana na mishono kwa makini.

Soksi nene za sufu zinaweza kuvaliwa mkononi juu ya glavu nyembamba, na kufanya kazi vizuri kuliko inavyodhaniwa. Fedha zikiwa chache, glavu ya ndani inunuliwe mpya na ya nje ikodiwe.

Miguu ya stendi ya kamera ikizungushiwa sponji au utepe wa usukani wa baiskeli, mkono haugusi chuma. Vifuko vya joto vinavyotumia unga wa chuma visitegemewe mno, kwa sababu vinahitaji oksijeni na nguvu yake hupungua kadiri mtu anavyopanda.

Dalili zisizopaswa kupuuzwa

Vidole vinavyouma bado vina uhai. Hatari huanza maumivu yanapokoma na kufuatiwa na ganzi, ngozi ikageuka nyeupe au kijivu na kuwa ngumu. Mtu wa aina hiyo aache kupiga picha, aweke mikono kwapani ndani ya nguo na kuanza kushuka.

Vidole visisuguliwe wala kuwekwa karibu na moto, kwa kuwa vilivyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Kuvipasha kwa maji ya uvuguvugu, yasiyozidi nyuzi 39, kufanyike tu pale ambapo havitaganda tena, kisha mgonjwa apelekwe hospitali.

Tahadhari hizi haziwahusu wageni peke yao. Anayebonyeza kamera kileleni mara nyingi ni mwongozaji, ambaye huombwa na kila mgeni ampige picha kwenye kibao cha Uhuru. Kikundi cha watu kumi, kila mmoja na simu yake, humlazimu kuvua glavu mara kumi, naye hurudi mlimani tena safari ijayo. Wapagazi nao hufanya kazi katika baridi ya kambi za juu, na wengine hawana uwezo wa kununua vifaa. Ndiyo maana shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project la mjini Moshi limekuwa likiwaazima mavazi ya mlimani bila malipo.

Kwa hiyo, anayepanga bajeti ya safari ahesabu jozi mbili za glavu nyembamba zenye ncha za mguso: moja yake, na nyingine ya yule atakayempiga picha.