Jembe na Kitabu cha Hesabu

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilipita Tanganyika, ikizitazama shule za misheni na za serikali. Ikashauri masomo yalingane na maisha ya watoto: kilimo, afya, kazi za mikono. Neno hilo lilirudi Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe na shamba, na shamba liwe mahali pa kujifunza.

Mbona basi jembe lilichukiwa katika shule nyingi? Sisi twaona kwamba shamba lilitengwa na kitabu. Hesabu zilifanywa ubaoni, kisha watoto wakaenda kulima bila swali wala hesabu. Na mara nyingi kulima kukawa adhabu ya mchelewaji. Nao Wasukuma (jambo la kustaajabisha!) walikuwa wamezoea kulima kwa nyimbo na ngoma, ndiyo bugobogobo.

Huku kwetu Igoma mtoto na alipime shamba kwa kamba kabla ya kuliandika eneo lake daftarini, tena ajue mbegu ziligharimu kiasi gani na mavuno yameleta nini. Kwa somo la historia, Bujora si mbali: huko Padre David Clement alianza katika miaka ya 1950 kazi ya kuhifadhi mila na vyombo vya Wasukuma. Mtoto akiuliza habari za ngoma ya mtemi, mwalimu na amjibu papo hapo, hata kipindi kikipita.