Rupia Mbili kwa Shilingi Tatu: Boriti za Rufiji na Thamani ya Sarafu

Atakaye kuijua tarikhi ya fedha katika janibu za Kibiti asianzie benki wala hazina, bali aanzie Salale, katika delta ya Rufiji, ambako tangu kale majahazi ya Arabuni yalikuwa yakiingia na kaskazi kutafuta boriti za mikoko, na kuondoka na kusi kurejea Omani, Bahareni, Kuwaiti na Basra, nchi zenye miti michache, ambako dari za nyumba zilibebwa na mti uliokatwa na Mrufiji. Boriti hizo zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na hesabu hiyo haikubadilika. Kilichobadilika, na aghalabu bila ya mkataji kupewa habari, ni sarafu ambayo kwayo korija ililipwa.

Zama za Seyyid Said bin Sultan sarafu kubwa ya pwani ilikuwa reale ya Maria Theresa, na thamani yake kwa pesa za shaba za Hindi ilipanda na kushuka kadiri ya wingi wa pesa hizo katika soko la Unguja. Baadaye rupia ya Hindi ikatamalaki, hata Wajerumani walipoingia hawakuthubutu kuiacha njia yake: kampuni yao ilianza mwaka 1890 kutoa rupia ya pesa 64, sawa na ile ya Hindi. Mwaka 1904 serikali ya Berlin ikafuta pesa, ikaweka hela 100 katika rupia, na kuzifunga rupia 15 kwa Mark 20. Na kwa kuwa rupia 15 za Hindi nazo zilikwisha kufungwa kwa pauni moja ya Kiingereza, ambayo ilikuwa Mark 20 na kitu kidogo, sarafu za madola mawili hasimu zikawa karibu sawa mkononi. Usawa huo ulimfaa tajiri. Mtu wa delta alitakiwa kodi ya rupia 3 kwa mwaka, naye hakuwa na pa kuipata ila kwa kuuza jasho lake. Na kodi hiyo, pamoja na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, ni katika mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji, ambavyo mwanzoni mwake, Agosti 1905, Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro, papo hapo Rufiji.

Vita Vikuu vilipokuja, manowari ya Kijerumani Königsberg ikajificha katika mito ya delta na kuangamizwa humo Julai 1915. Na koloni lililozingirwa likageukia noti za karatasi zilizochapwa Dar es Salaam, kisha, mwaka 1916, hela za shaba zilizofuliwa Tabora.

Msukosuko uliofuata, nchi ikiwa imekwisha kuingia mikononi mwa Waingereza, haukuletwa na mizinga. Bei ya madini ya fedha ilipanda duniani kote, na rupia ya Hindi, ambayo kwa miaka ishirini ilikuwa shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza, ikapita shilingi 2. Mapema mwaka 1920 wakuu wa Afrika Mashariki wakaifunga kwa shilingi 2 kamili. Bodi ya Fedha iliyoundwa London mwaka 1919 ikaleta florini, na mwaka 1921 shilingi ya Afrika Mashariki. Kule Hindi rupia ilianguka tena, ilhali Unguja iliendelea kuitumia rupia hiyohiyo. Basi ikawa mtu wa Nyamisati au Kikale aliyevuka bahari na mchele au boriti alilipwa rupia Unguja, naye kodi ya boma la Utete akadaiwa kwa shilingi. Rupia ikiwa peni 16, yaani shilingi 1 na peni 4, rupia zake 100 zilikuwa shilingi 133 na senti. Ikiwa peni 18, zilikuwa shilingi 150. Tofauti hiyo ya shilingi kumi na sita na zaidi haikutokana na uvivu wake wala na bidii yake.

Lililoamua jambo hili lilitendeka Delhi. Tume ya Hilton Young juu ya fedha ya Hindi ilipendekeza mwaka 1926 rupia iwe peni 18. Purshotamdas Thakurdas, aliyekuwa mjumbe wa tume hiyo, alipinga na kutaka zibaki 16, akihofia nuksani kwa wakulima na viwanda vya Hindi. Na sheria ya mwaka 1927 ikashika 18. Sioni dalili kwamba yeyote katika mjadala ule mkubwa aliikumbuka Salale, walakini hukumu ilifika huko: rupia mbili kwa shilingi tatu. Kwa kipimo hichohicho Unguja iliiacha rupia tarehe 1 Januari 1936, kila rupia ikibadilishwa kwa shilingi moja na nusu.

Ghuba haikuiacha. Mwaka 1939 baharia Mwaustralia Alan Villiers alifika Rufiji katika jahazi la Kuwaiti la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, lililokuja kupakia boriti; na nahodha wa namna hiyo alinunua katika nchi ya shilingi akauze katika nchi ya rupia, akijua tangu kung'oa nanga kwamba vipimo viwili hivyo havitamgeuka njiani. Kwa itikadi yangu hiyo ilikuwa neema ya kweli kwa biashara ya safari ndefu, japokuwa neema ilimfikia kwanza mwenye chombo, na mkataji aliyesimama matopeni hadi magotini akaipata mwisho, kama aliipata. Hata Septemba 1949, pauni iliposhushwa kutoka dola 4.03 hadi 2.80, rupia na shilingi zilishuka pamoja nayo, na baina yao halikubadilika neno.

Kuwaiti ilitoa dinari yake mwaka 1961, sawa na pauni, yaani shilingi 20. Kisha tarehe 6 Juni 1966 Hindi ikashusha rupia hata pauni moja ikawa rupia 21. Na siku nane baadaye, tarehe 14, Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, nchi ikaanza kutoa shilingi yake yenyewe. Kipimo kilichodumu miaka thelathini na tisa kikavunjika katika mwezi mmoja, na rupia, iliyokuwa ikiizidi shilingi kwa nusu yake tangu mwaka 1927, ikawa yapata senti 95.