Heshi: tendo lisilo na kinyume

Kiswahili kina mnyambuliko unaotengua kazi iliyokwisha kufanywa: funga, fungua, kunja, kunjua, fumba, fumbua. Ndiyo maana "simba", kwa maana ya kugeuza maandishi kuwa ya siri, lilikuja na mwenzake mkononi: simbua. Na ndiyo maana kitenzi hicho hakifai kutafsiria neno la Kiingereza "hash".

Neno hilo limetoka kwenye Kifaransa "hacher", kukatakata, nalo lina nasaba na "hache", shoka. Katika kompyuta ni kanuni inayopokea data ya urefu wowote na kutoa namba ya urefu usiobadilika. SHA-256 hutoa biti 256, zinazoandikwa kwa tarakimu 64 za heksadesimali, yaani 0 hadi 9 na a hadi f. Iingie herufi moja au kitabu kizima, zitatoka tarakimu 64 tu. Kitabu hakiwezi kurudishwa kutoka humo.

Je, tuseme "kutwanga"? Kisamvu kikishapita kinuni hakirudi kuwa majani, na "twangua" hakuna. Ila kisamvu cha jana na cha leo hufanana, ilhali SHA-256 hutenganisha hata majirani. Ipe "0", "1" na "2" zikiwa maandishi: matokeo yanaanza na 5feceb66, 6b86b273 na d4735e3a. Foleni imetawanyika: majirani hawakai tena pamoja.

Lakini si kila kanuni ya jamii hii hutawanya. hashCode ya maandishi katika Java huzidisha jumla kwa 31, kisha huongeza namba ya herufi inayofuata. Kwa hiyo "00" hutoa 1536, "01" 1537, "02" 1538: foleni imebaki foleni. Tena "Aa" na "BB" zote hutoa 2112. Hilo si kosa. Kazi yake ni kupanga vitu upesi kwenye jedwali, si kulinda siri.

Basi tulitohoe: heshi, heshi hii, heshi hizi. Tuseme "heshi ya jedwali" na "heshi ya usalama", ili mwanafunzi asiichukue ya kwanza kufanyia kazi ya pili. Kitenzi je? "Kuheshi" husikika kama "kuheshimu" lililokatwa mkia. Kiswahili kina njia ya zamani ya kukaribisha maneno mageni: kupiga pasi, kupiga picha, kupiga chapa. Tupige heshi. Faili limepigwa heshi, nywila zimepigwa heshi. Na kama vile nguo haipiguliwi pasi, faili halipiguliwi heshi.

Tahadhari moja. Kukosa kinyume si kukosa mlango wa nyuma. Tuseme namba za wateja ni heksadesimali za tarakimu sita zinazofuatana, kuanzia 000000 hadi ffffff. Zote ni 16,777,216, na kompyuta ya kawaida huzimaliza kwa muda mfupi. Mwizi hatafuti namna ya kuirudisha heshi nyuma. Huzipiga heshi zote, moja baada ya nyingine, kisha hutazama ipi inalingana na aliyoiiba.