Kijiji cha Capo Milazzese

Capo Milazzese ni rasi katika kisiwa cha Panarea, Italia, yenye magofu ya kijiji cha Zama za Bronzi kilichokaliwa kati ya karne ya 15 na ya 13 KK. Panarea, yenye kilomita za mraba 3.4 hivi, ndicho kidogo kuliko vyote miongoni mwa visiwa saba vya Eolie vinavyokaliwa na watu, kaskazini mwa Sicilia.

Rasi hiyo ni mwamba wa volkeno uliozungukwa na magenge yanayotumbukia baharini, na huingiwa kwa upande mmoja tu. Waliojenga hapo walitafuta usalama kabla ya kitu kingine chochote.

Uchimbaji wa Luigi Bernabò Brea na Madeleine Cavalier, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940, ulifukua misingi ya nyumba 23. Karibu zote ni za duara au za umbo la yai, na kuta zake ni za mawe yaliyopangwa bila chokaa. Nyumba moja ina pembe nne, ndiyo maana imedhaniwa kuwa ya ibada au ya mikutano. Umbo peke yake, hata hivyo, ni ushahidi dhaifu.

Hofu haikuwafungia wanakijiji ndani. Kando ya mawe ya kusagia na mabakuli ya kienyeji yenye miguu mirefu, vilikutwa vigae vya vyombo vya Wamykene wa Ugiriki, dalili ya biashara iliyovuka bahari. Baadhi ya vyungu vya kienyeji vina alama zilizochanjwa, ambazo wataalamu wamezilinganisha na maandishi ya eneo la Bahari ya Aegea.

Mwisho ulikuwa wa ghafla: vyombo viliachwa sakafuni na rasi ikahamwa. Kijiji cha Portella, kisiwani Salina, kiliangamia wakati huohuo. Bernabò Brea aliwataja wavamizi kutoka bara la Italia, akiyahusisha maangamizi hayo na simulizi ya mwanahistoria Diodorus wa Sicilia kuhusu Liparus, mwana wa mfalme Auson, aliyehamia visiwa hivyo kutoka Italia. Uvamizi unaelekea kuwa kweli. Lakini Diodorus aliandika zaidi ya miaka 1,000 baadaye, na simulizi yake haiwezi kubeba hoja hiyo.

Vyombo vilivyofukuliwa vimehifadhiwa katika makumbusho ya kisiwa cha Lipari. UNESCO iliviingiza visiwa vya Eolie katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa ajili ya volkeno zake, si kwa magofu haya.