Foleni ya Uzi Mmoja: Historia ya Uitikivu wa Kurasa za Wavuti na Maana Yake kwa Taarifa za Afya Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya tatizo moja la kiufundi: ukurasa wa wavuti kuganda wakati kivinjari kinatekeleza kazi nzito ya JavaScript. Historia hiyo kwa kawaida husimuliwa kutoka Marekani, kwa watengenezaji wa vivinjari. Hapa inasomwa kutoka wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, na hasa mji wa mpakani wa Bwera, ambako taarifa za afya huingizwa kwa njia ya kivinjari. Hoja kuu ni kwamba kuganda kwa ukurasa na udhaifu wa mtandao ni matatizo mawili tofauti, na kwamba sera inayoyachanganya hugharimia tiba isiyo ya ugonjwa uliopo. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kuhusu ununuzi na upimaji wa mifumo ya serikali.

1.0 Utangulizi

Kasese ni wilaya iliyozoea kuhesabu vitu vinavyopita. Reli kutoka Kampala iliufikia mji wa Kasese mwaka 1956 ili kusafirisha shaba ya Kilembe. Bwera, upande wa magharibi wa wilaya, iko karibu na daraja la Mpondwe juu ya mto Lhubiriha, ambako watu na bidhaa huvuka kila siku kati ya Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ndugu wazungumzao lugha moja wanaishi pande zote mbili za mto, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za biashara yao.

Kuvuka huko kuna uzito wa kiafya. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 uliendelea hadi tarehe 25 Juni 2020. Tarehe 11 Juni 2019 Uganda ilithibitisha kwamba ugonjwa umevuka mpaka: mtoto aliyetoka Kongo na familia yake alipelekwa hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa kituo cha matibabu ya Ebola huko Bwera. Wagonjwa waliothibitishwa wakati huo walikuwa watatu, wote wa familia hiyo moja. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo mtoto mwingine kutoka Kongo alitambuliwa katika ukaguzi wa mpakani Mpondwe na kupelekwa Bwera. Maambukizi hayakuenea ndani ya Uganda.

Mafanikio hayo yalitokana na chanjo, ukaguzi, ufuatiliaji wa waliokutana na wagonjwa na, kwa kiasi kisichozungumzwa sana, utaratibu wa kawaida wa kutoa taarifa. Katika mfumo wa Uganda, taarifa ya wiki ya magonjwa yanayofuatiliwa hutolewa kwa fomu ya HMIS 033B, na ile ya mwezi ya huduma za wagonjwa wa nje kwa fomu ya HMIS 105. Takwimu hizo huishia katika DHIS2, mfumo unaofanya kazi ndani ya kivinjari, ambao kufikia mwaka 2012 ulikuwa umesambazwa katika wilaya zote 112 za wakati huo. Kwa hiyo kati ya daftari la muuguzi na uamuzi wa wizara kuna ukurasa wa wavuti. Swali la makala haya ni: ukurasa huo ukiganda, ni nini hasa kimeganda, na historia inatufundisha nini kuhusu dawa yake?

2.0 Chimbuko la uzi mmoja, 1995–2005

JavaScript iliundwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwezi Mei 1995, kwa muda wa siku kumi hivi. Ilikusudiwa kwa kazi ndogo, kama kukagua kwamba mtumiaji amejaza sehemu inayotakiwa kabla fomu haijatumwa. Kwa kazi za namna hiyo ilitosha kivinjari kuwa na uzi mmoja wa utekelezaji, yaani mstari mmoja wa kazi unaoshughulikiwa moja baada ya nyingine. Uzi huohuo unatekeleza JavaScript, unapanga vilivyomo katika ukurasa na unapokea taarifa za kibodi na kipanya. Kila kazi ikishaanza huendelea hadi mwisho, na zinazofuata husubiri katika foleni.

Uamuzi huo ulikuwa na faida kubwa. Mwandishi wa programu hakulazimika kuhofia kwamba sehemu mbili za msimbo zitabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Gharama yake ilionekana baadaye. Hesabu ikichukua sekunde tatu, herufi aliyobonyeza mtumiaji nayo itasubiri hadi sekunde tatu, hata kama kuionyesha kunahitaji milisekunde moja tu. Anayeifahamu reli ya njia moja anaelewa hali hii: garimoshi refu likiwa njiani, dogo husubiri stesheni bila kujali udogo wake.

Vivinjari vya kwanza vilijibu kwa kuua kazi badala ya kuipanga. Internet Explorer ilihesabu maagizo yaliyotekelezwa na kumuuliza mtumiaji iwapo isimamishe kazi baada ya maagizo milioni 5. Firefox ilitumia saa, na kikomo chake kilikuwa sekunde 10. Njia zote mbili zilimtwika mtumiaji uamuzi ambao hakuwa na maarifa ya kuufanya. Hata hivyo viwango vya subira ya binadamu vilikuwa vimekwisha kujulikana. Robert Miller aliviandika mwaka 1968, na Jakob Nielsen akavifupisha mwaka 1993: sehemu ya kumi ya sekunde huhisiwa kuwa papo hapo, sekunde moja haikatizi mtiririko wa fikra, na sekunde kumi ni ukomo wa kushikilia makini ya mtu.

3.0 Kugawanya kazi na kuihamisha, 2005–2024

Mwaka 2005 Jesse James Garrett aliupa jina la Ajax mtindo wa kuomba data kutoka kwenye seva bila kupakia ukurasa upya. Kuanzia hapo ukurasa uligeuka programu kamili, na kazi iliyokuwa ya seva ikahamia kwenye meza ya mtumiaji. Dawa mbili zilijitokeza.

Ya kwanza ni kuigawanya kazi. Msimbo hufanya sehemu ya kazi, huiachia foleni nafasi kwa agizo la setTimeout, kisha huendelea. Kati ya sehemu moja na nyingine, herufi zilizobonyezwa hushughulikiwa. Ya pili ni kuihamisha kazi kwenye uzi wa pembeni. Google ilijaribu njia hii katika programu yake ya Gears mwaka 2007, na mwaka 2009 Firefox 3.5 ikaja na nyuzi hizo kwa jina la Web Workers. Uzi wa pembeni unaweza kuhesabu kwa muda mrefu bila kumzuia mtumiaji. Hauruhusiwi, hata hivyo, kuugusa ukurasa wenyewe. Unapokea data na kurudisha majibu kwa ujumbe, na kwa kawaida data hiyo hunakiliwa. Kunakili rundo kubwa nako ni kazi, na sehemu ya kazi hiyo huurudia uzi mkuu.

Miaka iliyofuata ilileta zana za kupanga foleni kwa ustadi zaidi. Toleo la 16 la React, la mwaka 2017, liliandikwa upya ili uchoraji wa ukurasa uweze kugawanywa na kukatizwa. Mwezi Machi 2024 Google iliingiza katika vipimo vyake vikuu kipimo cha muda kati ya tendo la mtumiaji na badiliko linaloonekana kwenye skrini: hadi milisekunde 200 ni vizuri, na zaidi ya 500 ni vibaya. Mwaka huohuo Chrome 129 ilikuja na scheduler.yield, agizo linaloruhusu kazi kupisha wengine kisha kurudi mbele ya foleni badala ya kupelekwa nyuma kabisa.

4.0 Saa badala ya idadi: mfano wa hesabu

Tofauti kati ya kugawanya vizuri na vibaya inaonekana kwa mfano mdogo. Tuseme fomu ina ukaguzi 2,000, kila mmoja ukichukua milisekunde 1 kwenye kompyuta ya mwandishi wa programu. Bila kugawanya, ukurasa utaganda kwa sekunde 2. Tukifanya ukaguzi 40 kwa kila sehemu, tutapata sehemu 50 za milisekunde 40. Vivinjari huweka pengo la angalau milisekunde 4 baina ya maagizo ya setTimeout yanayofuatana, hivyo kazi nzima itarefuka kwa takriban sekunde 0.2. Mtumiaji, kwa upande wake, hatasubiri sana zaidi ya milisekunde 40.

Sasa tuipeleke fomu hiyo kwenye kompyuta yenye kasi ya robo, tofauti ambayo zana ya upimaji ya Lighthouse huiiga inapopima kurasa kwa ajili ya simu. Bila kugawanya, ukurasa utaganda kwa sekunde 8. Kwa kugawanya kwa idadi, kila sehemu itachukua milisekunde 160, na kubonyeza kutaanza kuhisiwa kuwa kuzito. Lakini msimbo ukiangalia saa na kupisha kila baada ya milisekunde 40, subira itabaki ileile katika mashine zote mbili. Kitakachobadilika ni muda wa kumaliza kazi nzima. Mgawanyo wa idadi hubeba ndani yake kasi ya kompyuta ya mwandishi. Mgawanyo wa saa huiheshimu kompyuta ya mtumiaji.

5.0 Kutoka Cape Town hadi Bwera

DHIS ilizaliwa Afrika Kusini katika mradi ulioanza mwaka 1994, ikiwa programu ya kompyuta moja. Zanzibar iliipokea mwaka 2005. Toleo la wavuti, DHIS2, lilianza kuundwa mwaka 2004, na Kenya ikalisambaza nchini kote kupitia intaneti mwaka 2011, mwaka mmoja kabla ya Uganda kukamilisha usambazaji wake. Ili kukabiliana na mtandao wa kusuasua, fomu za DHIS2 zilipewa uwezo wa kuhifadhi data ndani ya kivinjari na kuituma mtandao ukirudi.

Hapa historia inatoa funzo ambalo halijazingatiwa vya kutosha. Kila hatua ya kumwondolea mtumiaji utegemezi wa mtandao iliuongezea uzi mkuu mzigo. Jumla na viashiria vya fomu vinapokokotolewa ndani ya kivinjari, ni uzi huo unaofanya kazi. Hata hifadhi ya localStorage, iliyozoeleka zaidi wakati ule, husoma na kuandika huku uzi mkuu ukisubiri. Tulitatua tatizo la waya kwa kulihamishia kwenye prosesa, na prosesa za wilayani mara nyingi ni za kompyuta zilizokaa miaka mingi.

Katika mazungumzo ya kila siku ofisini, yote mawili huitwa jina moja: mtandao unasumbua. Namna ya kuyatofautisha ni rahisi. Mtandao ukiwa dhaifu, herufi zinazobonyezwa huonekana mara moja, ila data ndiyo haifiki. Uzi ukiwa umeshikwa, herufi hazionekani kabisa, kisha hutokea zote kwa mkupuo. Wilaya inayoliona tatizo la pili na kununua intaneti ya kasi zaidi itapata intaneti ya kasi na ukurasa uleule ulioganda. Karani akidhani umekufa, ataufunga na kuufungua tena. Kilichokuwa hakijahifadhiwa kitapotea, au kitaandikwa upya kutoka kwenye karatasi na makosa mapya.

Mpaka wa Mpondwe wenyewe unaonyesha kanuni inayotakiwa. Wakati wa Ebola ya 2018–2020 mpaka haukufungwa kwa sababu ya ugonjwa huo, na Shirika la Afya Duniani lilishauri dhidi ya kufunga mipaka, kwa kuwa watu wangevuka penginepo bila kuonekana. Kazi nzito ya ukaguzi ilifanywa kwa vipande vidogo, mtu mmoja baada ya mwingine, huku njia ikiendelea kupitika. Mtumiaji wa ukurasa ulioganda naye hutafuta njia ya vichochoroni: karatasi, simu, au kuahirisha.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa inaonyesha kwamba kuganda kwa ukurasa si hatima ya vijijini. Ni matokeo ya uamuzi wa mwaka 1995 uliokuwa na sababu zake, na dawa zake zinajulikana. Kwa washauri wa sera tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mikataba ya mifumo ya serikali itaje kikomo cha milisekunde 200, kipimwe kwenye kompyuta zinazotumika wilayani, fomu ikiwa imejaa data. Pili, kila thamani ihifadhiwe kabla ya hesabu yoyote nzito kuanza, na hesabu hiyo igawanywe kwa saa au ihamishiwe kwenye uzi wa pembeni. Tatu, malalamiko ya watumiaji yaainishwe kuwa ya mtandao au ya uzi kabla fedha hazijatengwa. Nne, njia nyepesi zisiachwe. Mfumo wa mTrac, uliozinduliwa Uganda mwaka 2011, unapokea taarifa za wiki kwa ujumbe mfupi wa simu, na hauhitaji kivinjari chochote.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na haja ya kubadilishana taarifa za magonjwa kuvuka mto Lhubiriha itaongezeka. Fomu zitakuwa ndefu zaidi kuliko za leo. Ni vyema kupima sasa, kwenye meza ya karani wa Bwera, iwapo kurasa zitakazobeba fomu hizo zitaweza kuzihesabu na kumsikiliza karani kwa wakati mmoja.