Kutoka Gungu la Ozi hadi Mswada wa Riwaya

Mto Tana ukishapita Garsen hujitandaza katika delta, kisha huingia Bahari Hindi karibu na Kipini. Nchi hiyo ya Ozi na Kipini ndiyo inayotajwa katika masimulizi ya Waswahili kuwa ya Fumo Liyongo, shujaa na malenga. Kaburi lake huonyeshwa Kipini, ingawa wataalamu hawajaafikiana aliishi karne gani.

Mashindano ya utunzi huko yalianza katika ngoma. Kwenye ngoma ya gungu, malenga mmoja hufumba na mwenzake hufumbua papo hapo. Anayekwama ameshindwa mbele ya watu, na nafasi ya kwenda nyumbani kusahihisha hakuna. Kisa cha kifungo cha Liyongo kinamwonyesha mtunzi wa namna nyingine. Mfalme wa Pate alipomtia ndani, Liyongo alimwagiza mjakazi Saada kwa wimbo: mama yake aoke mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Walinzi walikula mikate mizuri iliyoletwa pamoja nao, wakamwachia ule wa wishwa. Alipoambiwa atauawa, akaomba gungu lichezwe. Yeye akiimba ndani, umati ukiitikia nje kwa matoazi na pembe, tupa ikakata pingu bila kusikika. Wimbo wa fumbo kama ule wa Saada hautungwi kwa papara: neno moja likizidi, mlinzi ameshaelewa.

Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu, mwandishi wa khati na mchongaji, alikitia kisa hicho katika utenzi wa mizani 8 kila kipande. Hadithi ilikuwa imekwisha kupigwa msasa na vinywa vingi. Kilichobaki kilikuwa kazi ya mkono mmoja na karatasi.

Riwaya ilipata uwanja wake wa mashindano baadaye. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, iliendesha shindano la hadithi za Kiswahili mwaka 1957–58, na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar akashinda kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Zawadi si kitu kikubwa hapo. Kinachomkomboa mwandishi chipukizi ni tarehe ya mwisho, maana bila hiyo sura ya tatu huandikwa mara kumi na ya nne haifikiwi.

Lakini kufika tarehe hiyo si kumaliza. Mwaka 1961 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa mwanafunzi wa Makerere, aliandikia shindano la shirika hilohilo mswada wa *The Black Messiah*. Haukwenda moja kwa moja mtamboni. Aliurudia, akaubadilisha hata jina, ukatoka mwaka 1965 kama *The River Between*. Wakati huo *Weep Not, Child*, riwaya aliyoiandika baada yake, ilikuwa imeshasomwa tangu mwaka 1964.