Mjini Kati, Katika Picha za Marehemu Baba

Baba alipofariki mwaka 1989 aliacha sanduku la bati, baiskeli isiyo na mnyororo, na bahasha kubwa ya kaki iliyofungwa kwa uzi wa katani. Sanduku alilichukua kaka yangu. Baiskeli sijui iliishia wapi. Bahasha nilipewa mimi, kwa kuwa katika ukoo wetu nilidhaniwa kuwa mtu wa makaratasi, nami nikaiweka juu ya kabati nikaisahau kwa miaka mingi. Ndani yake mlikuwa na picha 14 za mitaa ya katikati ya Dar es Salaam. Nyingine ni postikadi za enzi za Mjerumani na za Mwingereza, zilizopita mikono mingi kabla ya kumfikia yeye. Nyingine ni picha za miaka ya 1950, zilizopigwa na wale wapiga picha waliokuwa wakirandaranda mitaani na kamera shingoni.

Baba alikuwa tarishi. Kwa kaptula yake ya kaki na mkoba wa ngozi, alipeleka barua kutoka ofisi moja hadi nyingine, mara nyingi kwa baiskeli, mara nyingine kwa miguu. Juu ya zile picha ametia alama ndogo za penseli, kila jengo alilokuwa akipeleka barua na alama yake. Nilipoziona mara ya kwanza nilidhani aliziweka ovyo, maana hazikuwa kwenye milango mikubwa inayotazama barabara. Zilikuwa pembeni, kwenye vichochoro, mahali ambapo katika picha huoni kitu ila giza. Ilinichukua siku kadhaa kung'amua kwamba mlango wa tarishi ulikuwa uani.

Ndugu msomaji, ukiitazama barabara tunayoiita leo Samora katika postikadi ya wakati wa Mwingereza, utapendezwa. Ilikuwa ikiitwa Acacia Avenue, na baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue. Wazee wengi waliiita Avenyu tu, wakamaliza. Katika picha ni nyeupe kwa jua, magari ni ya kuhesabu, na nyumba hazikuzidi ghorofa mbili tatu. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu wapatao 129,000 katika mji mzima. Leo mkoa wa Dar es Salaam una watu zaidi ya milioni 5 kwa hesabu ya mwaka 2022. Mtu aliyezoea kusimama Posta jioni akisubiri gari akiiona picha hiyo, hawezi kukosa kutamani kuingia ndani yake.

Mimi nilitamani pia. Lakini picha ina adabu ya kunyamaza. Haisemi kwamba mji ule ulikuwa umekatwa vipande vitatu: Uzunguni upande wa mashariki, Uhindini katikati, na Uswahilini ng'ambo ya kiwanja cha Mnazi Mmoja. Kiwanja hicho tunachokipenda kwa mikutano na kivuli kiliachwa wazi ili kututenga. Mwafrika aliingia Avenyu kwa kazi, na kazi ikiisha alirudi kwao Kariakoo au Ilala. Nimezitazama zile postikadi kwa kioo cha kukuzia. Waafrika wamo, tena wengi, ila kila mmoja amebeba kitu, anasukuma kitu, au anafagia.

Aliyesimama bila mzigo wa mtu ni mmoja tu, naye ni wa shaba. Sanamu ya Askari ilizinduliwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, na singe ya bunduki yake inaelekea bandarini. Kabla yake mji ulikuwa na sanamu nyingine, ya gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann, na chini yake askari Mwafrika akimtazama juu. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa wakaisafirisha Ulaya. Hatimaye ikasimamishwa Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Yetu ya Askari ingali imesimama. Wapagazi waliobeba risasi na unga katika vita ile, na kufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, hawakusimamishwa pale juu pamoja naye. Kumbukumbu yao moja hapa mjini ni jina la kambi yao, Carrier Corps, ambalo ndimi zetu zililigeuza Kariakoo. Baba hakutia alama yoyote kwenye sanamu. Hakuwa na barua ya kumpelekea.

Picha moja inanitia unyonge wa namna nyingine. Ni ya mtaa mmoja wa Uhindini, wenye nyumba za roshani na mwaka wa kujengwa ukiwa umeandikwa juu ya paji la nyumba, kama walivyopenda kufanya. Kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza wanawake wawili wameegemea, wanatazama chini. Nyumba ile naijua. Mwezi Aprili 1971 Serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1974 mimi, karani mgeni kazini mwenye mke na mtoto mmoja, nilipangishwa vyumba viwili katika nyumba ile. Roshani ilikuwa yetu. Nilifurahi kupita kiasi. Mtoto wa tarishi alikuwa anaingia kwa mlango wa mbele. Sikuwahi kuuliza waliotoka walikwenda wapi. Jikoni walikuwa wameacha kinu kidogo cha shaba cha kutwangia viungo, nasi tukakitumia hadi tulipohama. Sisemi kwamba hatua ile ilikuwa mbaya, maana bila hiyo watu kama sisi tusingelala mjini kati hata usiku mmoja. Nasema kinu hakikuwa chetu, na sasa ninazo nyuso mbili za kuzifikiria.

Nyumba yenyewe haipo. Imebomolewa pamoja na jirani zake, na pale pamesimama ghorofa ndefu la vioo. Katika picha zote 14 nimehesabu majengo ambayo bado ningeweza kuyagusa kwa mkono: kanisa la Kilutheri pale Azania Front, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lililokamilika mwaka 1902, Boma la Kale la zamani za Sayyid Majid, na mengine machache. Hoteli ya Wajerumani, Kaiserhof, ambayo baadaye iliitwa New Africa, ilivunjwa ikajengwa nyingine kwa jina lile lile. Majumba ya sinema, Empire, Empress, Avalon na Odeon, ambako vijana wa rika langu tulijifunza kuvaa na kutembea, yalizima taa zake moja baada ya jingine. Mji unaokua hauwezi kubaki kama postikadi, hilo nakubali. Ila kubomoa nyumba bila hata kuipiga picha ni uvivu tu, usisingiziwe maendeleo.

Nimeichelewesha makusudi picha ya mwisho, kwa sababu inanihusu na inaniaibisha. Kwa miaka mingi nimewasimulia wajukuu jinsi baba alivyonichukua Avenyu siku moja ya sikukuu, tukaketi ndani ya mgahawa mmoja mkubwa chini ya pangaboi, akaniagizia soda. Nawaeleza hata meza ilivyokuwa ya baridi chini ya viwiko vyangu. Katika picha tupo kweli, baba na mimi, na mgahawa upo. Lakini tuko nje, ukingoni mwa barabara, karibu na baiskeli. Chupa ninayo mkononi.

Nilimpelekea picha shangazi, ambaye wakati huo alikuwa bado hai na mwenye akili timamu. Aliitazama, akacheka kidogo.

"Mwanangu, baba yako hakuwahi kukaa mle ndani. Nani angemkalisha? Soda aliinunua kwa Mwarabu Kariakoo, akaibeba kwenye mkoba wa barua, akakupa pale ili unywe ukitazama."

"Mbona aliniacha niseme vile miaka yote?"

"Ulikuwa ukisema kwa furaha."

Niliirudisha ile meza kichwani mwangu, ile ya baridi, na hadi leo naihisi. Sijui nimeitoa wapi. Wajukuu nimewaambia, na mdogo wao aliniuliza kama soda ilikuwa bado ya baridi ilipofika Avenyu kutoka Kariakoo. Sikuwa na jibu.

Baba kwenye picha ile hakutia alama ya penseli, wala nyuma hakuandika neno. Nimeandika mimi, kwa tarehe aliyonipa shangazi: "Nje ya mgahawa, Idi, 1958. Baba yuko kushoto, kivulini, ameshika baiskeli."